Kabali ifundishwe siku ya kwanza

Nilikuwa na miaka mitatu ya karate siku nilipopigwa kabali. Alfajiri, njia ya kwenda mwalo wa Kibirizi, nimemtangulia shangazi yangu hatua chache. Yeye hununua dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika. Kwa hiyo siku ambazo akina mama hutembea na fedha ndizo siku zenye giza nene kabisa. Vibaka wa Kigoma wanalijua hilo kama tunavyolijua sisi.

Mkono ulipita shingoni kutoka nyuma, visigino vikaachana na ardhi. Nikarusha viwiko nyuma, vikapiga hewa. Kisha sikumbuki. Nilizinduka nimekaa vumbini, simu haipo, shangazi anapiga mayowe.

Tangu siku hiyo nashikilia jambo moja: kabali ifundishwe siku ya kwanza, kabla ya mateke na kata, ile mifululizo ya miondoko ya karate. Walimu wengi huiweka mbali, kwa wenye mikanda ya juu, na sababu yao naielewa. Ni mbinu hatari. Mkono ukikandamiza koromeo, pumzi hukatika. Kiwiko kikikaa chini ya kidevu na mkono ukabana pande zote mbili za shingo, mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo huzibwa, na mtu huzimia ndani ya sekunde kumi hivi, hata chini ya hapo. Wacheza judo huiita hadaka-jime. Lakini kwao anayebanwa hupiga kofi mwilini mwa mwenzake, naye huachia hapo hapo. Kibaka haachii, na watu hufa.

Sasa mama wa dagaa atasubiri mkanda wa kahawia?

Kosa langu lilikuwa kutaka kupiga kwanza. Ukikabwa, mikono yote miwili iende kwenye mkono wake, uung'ang'anie na kuuvuta chini kwa uzito wako wote. Wakati huo huo shusha kidevu kifuani na ukigeuze kuelekea kwenye kunjo la kiwiko chake, maana hapo ndipo penye nafasi ya kupumua. Kunja magoti, kwa sababu yeye anakuvuta nyuma ili ukose pa kusimamia. Ukishapata pumzi, ndipo kukanyaga mguu wake kwa kisigino au kumpiga kiwiko cha mbavu kunasaidia. Akilegea, kimbia ukipiga kelele. Akitaka simu tu na bado unaweza kumpa, mpe.

Na mtandio usiuzungushe shingoni. Baridi ya ziwa ni kali saa kumi na moja, najua, ila ule ni mpini unaomwachia mtu aliye nyuma yako.

Haya hayahitaji miaka mitatu. Yanahitaji jioni chache, mtu unayemwamini, na kubanwa polepole huku mmekubaliana ishara ya kuachia. Watoto wasijaribu wenyewe kwa wenyewe.

Jumapili hizi namfundisha shangazi uani kwake Ujiji, chini ya mwembe. Mikono anaiwahi vizuri. Kidevu bado anakisahau, nami nikibana kwa huruma ananigombeza: "Mwanangu, kaza, nijue inavyokuwa." Nakaza kidogo, kidevu kinashuka.