Elektrodi ya Kaboni: Ibadilishwe Uso au Iachwe Ilivyo?

Mgonjwa wa kisukari akigusisha tone la damu kwenye stripu, namba hutokea baada ya sekunde chache. Katika stripu nyingi kazi hiyo hufanywa na elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, ya kaboni iliyoongezewa kimeng'enya kinachoitambua glukosi, pamoja na kemikali inayozipokea elektroni na kuzifikisha kwenye kaboni. Mwaka 1984 watafiti wa Uingereza walionyesha kuwa ferosini, kampaundi yenye chuma, inaiweza kazi hiyo ya uchukuzi. Kabla yake vipimo vingi vilitegemea oksijeni iliyomo kwenye sampuli. Ikipungua, jibu linapotoka.

Kwa hiyo wanaotetea kubadilisha uso wa kaboni wana hoja nzito. Kaboni tupu haichagui. Dopamini, kemikali ya ubongo, na vitamini C hutoa elektroni kwenye volteji zinazokaribiana mno, hata vilele viwili kwenye grafu vikaonekana kimoja. Ipake utando wa Nafion, aina ya plastiki yenye chaji hasi: vitamini C, nayo ikiwa na chaji hasi, itazuiwa, na dopamini yenye chaji chanya itapita.

Lakini fani imezoea kupaka kwanza na kuuliza baadaye. Leo nanotyubu (mirija midogo mno ya kaboni), kesho grafini (karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja) yenye chembe za dhahabu, na kila mara tunaambiwa unyeti, yaani uwezo wa kugundua kiasi kidogo, umepanda. Mwaka 2006 kundi la Richard Compton, Oxford, lilionyesha kuwa sifa walizopewa nanotyubu katika kuoksidisha haidrazini, kemikali ya nitrojeni na hidrojeni, zilitokana na mabaki ya chuma yaliyobaki ndani yake tangu kutengenezwa. Mwaka 2020 kundi la Martin Pumera lilichanganya grafini na kinyesi cha ndege, na uchocheaji wake ukaongezeka. Jaribio hilo linaniuma, kwa sababu linaonyesha jinsi kupanda kwa mkondo wa umeme peke yake kusivyothibitisha kitu.

Tena kila tabaka lina gharama. Elektrodi tano zilizopakwa na mkono mmoja siku moja zinaweza kutoa majibu matano tofauti, ilhali kaboni ya kioo (kaboni ngumu inayong'aa kama kioo) husuguliwa kwa unga wa alumina na kuanza upya.

Mfano ninaouamini ni wa metali ya bismathi. Mwaka 2000 Joseph Wang na wenzake waliiweka juu ya kaboni kupima metali za risasi na kadimiamu badala ya zebaki, ambayo ni sumu. Swali lilikuwapo kabla ya tabaka. Makala nyingine nazipima hivyo: je, kaboni tupu iliyosuguliwa vizuri imewekwa kando yake, na sampuli ni maji ya kisima au bafa (mmumunyo wa asidi isiyobadilika kirahisi) safi ya maabara?