Jengo Tupu la Providence na Nyumba Tupu za Bagamoyo

Katika mji ninaoishi, Providence, jimbo la Rhode Island nchini Marekani, kuna lalamiko moja ambalo siku hizi linanikera, ingawa wanaolalamika wana haki yao. Katikati ya mji, kando ya kituo kikuu cha mabasi, limesimama jengo la ghorofa 26, lenye urefu wa mita 130, refu kuliko jengo lingine lolote katika jimbo zima, na ndani yake hamna mtu. Lilikamilika mwaka 1928 likiwa makao ya benki, na mpangaji wake wa mwisho, ambaye naye alikuwa benki, alihama mwaka 2013, mwaka uleule ambao sisi wa Bagamoyo tulikuwa tukisimuliwa habari za bandari iliyokuwa ijengwe Mbegani. Tangu hapo limebaki tupu. Ukisubiri basi pale hukosi kumsikia mtu akilisikitikia, na mwenzangu wa kazini hulitaja karibu kila tunapopita: aibu gani hii, zaidi ya miaka kumi, jengo zuri namna hii limekaa bure na hakuna anayejali!

Ni hayo ya mwisho yanayonikera. Mwenzangu huyo si mhandisi wala dalali wa majumba, lakini ukimuuliza habari za jengo lile atakueleza kwamba kampuni inayolimiliki ililinunua mwaka 2008 kwa dola milioni 33.2, kwamba Aprili 2022 ulitangazwa hadharani mpango wa dola milioni 220 wa kuligeuza liwe na nyumba 285 za kupangisha, moja katika kila tano ikiwa ya kodi nafuu, kwamba serikali ya jimbo na ya jiji ziliahidi mafungu yao, na kwamba baadaye bei za vifaa na riba za mikopo zilipanda, hesabu ikakataa, kazi ikakwama. Atakueleza pia kwa nini kazi yenyewe ni ngumu hata fedha zikiwapo. Ofisi za zamani zilijengwa zikiwa na vyoo vya pamoja katika kila ghorofa, ilhali kila nyumba ya kupangisha inataka jiko lake, bafu lake na mabomba yake. Ghorofa za chini ni pana mno, kwa hiyo sehemu za katikati ziko mbali na madirisha. Na ukumbi wa benki hauwezi kukatwakatwa vyumba bila kuharibu kile kinacholifanya jengo listahili kulindwa. Mwaka 2019 shirika la taifa linalotetea majengo ya kihistoria liliingiza jengo hilo katika orodha yake ya mahali 11 palipo hatarini zaidi nchini kote. Juu kabisa wanazalia ndege aina ya kozi, na chama cha wapenda ndege kimewawekea kamera ili watu watazame makinda wakiwa majumbani mwao. Jengo halina mpangaji hata mmoja, na bado wapo watu wanaojua ni makinda mangapi yameanguliwa juu yake.

Kwa mtu aliyelelewa Bagamoyo, huko si kutojaliwa.

Sasa twende Mtaa wa India. Kuna nyumba pale ambayo sitaitaja ni ipi. Wenyeji wataijua kwa baraza yake. Paa la mabati limetoboka upande wa kusini. Maji ya masika yanaingia kwa juu, yanateremka ndani ya ukuta na kuosha chokaa iliyoshika mawe ya matumbawe, hata ukipitisha kidole katika kiungo unatoka na unga mweupe. Boriti za mikoko zimeoza vichwa, pale zinapoingia ukutani na unyevu kutulia, lakini ukizigonga katikati bado zinatoa sauti kavu ya mti mzima. Mtini umeota juu ya ukuta na mizizi yake imeshuka ndani ya ufa mpaka usawa wa dirisha. Mlango wa nakshi ulikwisha kuondoka. Imebaki miimo na kizingiti, na alama za patasi pale ulipong'olewa. Nilipokuwa mtoto nyumba hiyo ilikuwa na watu juu na chini, na kina mama wakianika ubuyu barazani. Hakuna kampuni iliyoinunua kwa bei inayojulikana. Hakuna mpango uliotangazwa, kwa hiyo hakuna mpango uliokwama. Hakuna anayebishana juu yake.

Nilimuuliza mjomba wangu kwa simu, baada ya shikamoo na kuulizana wagonjwa, nyumba ile ni ya nani.

"Ina wenyewe, mwanangu."

"Wenyewe ni nani, mjomba?"

"Wapo. Wengine Unguja, wengine Mombasa, wengine huko Oman, na wakubwa wao wameshatangulia mbele ya haki. Jambo la mirathi ya watu usiliguse ukiwa mbali."

Mjomba hakukosea adabu wala hakukosea ukweli. Nyumba ya urithi ambayo haikugawanywa huongezeka wenyewe kila anapokufa mmoja wao, na ikifika wajukuu hakuna anayeweza kuiuza, na anayeezeka upya huulizwa anaezeka kwa niaba ya nani, na kama anataka kujimilikisha. Akiliacha paa livuje hakuna atakayemlaumu. Akilipandia na nyundo ataitwa kwenye kikao. Kwa hiyo watu wenye akili timamu, wenye mapenzi na nyumba ya babu yao, wanaitazama ikianguka. Ongeza na majengo ya kupangisha yaliyotaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971, ambayo yalipita mikononi mwa Msajili wa Majumba, na historia ya nani anadaiwa nini kwa paa lipi inazidi kufungana mafundo.

Najua nitakayoambiwa, kwa sababu nimekwisha kuambiwa. Nitaambiwa kwamba nimekwenda Ulaya, maana kwetu hata Marekani ni Ulaya, nimekula mkate wa watu, na sasa nawatazama wenzangu kwa juu. Ndugu zangu, nisomeni vizuri. Sijasema kwamba watu wa Providence wametushinda. Jengo lao lingali tupu ninapoandika haya. Wana benki, wana mafundi, wana utaratibu wa serikali kuu wa kumpunguzia kodi mwenye kukarabati jengo la kihistoria la biashara kwa asilimia 20 ya gharama zinazostahili, na bado wameshindwa kuwasha taa katika ghorofa 26 za mji mkuu wao. Wala sioni jengo lao kuwa na heshima kuliko yetu. Lao halijatimiza miaka mia. Ngome Kongwe yetu ni ya 1860. Mji wetu ulikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mpaka 1891, na kabla ya wao kulikuwa na misafara iliyotembea kwa miguu kutoka Tanganyika na Unyamwezi, wapagazi kwa maelfu, pembe za ndovu na watu waliouzwa, na Kaole, pale jirani, ilikuwa na misikiti ya mawe karne nyingi kabla ya hayo yote. Fundi aliyechonga milango ya Mtaa wa India alifanya kwa patasi na jicho lake kazi ambayo hapa huwekwa ndani ya kioo. Ninapowaonyesha watu wa huku picha za mji wetu huwa siombi radhi kwa lolote, na huwa natamani sana picha hizo zisiwe za zamani.

Ninachosema ni hiki kimoja: wao wamekwama wakiwa na hesabu mezani, sisi tunaanguka bila hesabu. Aliyekwama na hesabu anajua pengo lake ni la kiasi gani, na siku riba ikishuka au mtu mwingine akijitokeza na fedha, anajua pa kuanzia. Sisi hata akija mtu kesho na mfuko wa fedha halali na nia njema, atazunguka kutoka ofisi ya kata hadi halmashauri, kutoka halmashauri hadi Idara ya Mambo ya Kale, kutoka hapo hadi kwa mzee fulani aliyelala mgonjwa, na atarudi alikotoka na fedha zake.

Mwingine atasema ni umaskini, na kwamba mtu anayehangaikia ada ya shule hawezi kuhangaikia boriti. Hoja hiyo naiheshimu, ila haitoshi. Tazameni Misheni. Mapadri walifika 1868, wakajenga kwa mawe yaleyale ya matumbawe, kando ya bahari ileile yenye chumvi ileile, na majengo yao yapo, na mahali ulipolazwa mwili wa Livingstone ulipofikishwa mjini kwetu Februari 1874 panaonyeshwa wageni hadi leo. Ni kweli kwamba Misheni ilikuwa na wafadhili ambao familia ya Mtaa wa India haikuwa nao. Lakini kabla ya ufadhili kulikuwa na jambo la bure kabisa: dari likivuja, anajulikana ni nani wa kuulizwa. Na mabati machache ya kuziba upande wa kusini wa nyumba ile niliyoieleza hayafikii gharama ya harusi moja ya kawaida ya mjini kwetu, tena harusi zile tunazichangia kwa orodha yenye jina la kila mtu na ahadi yake, na inasomwa kikaoni. Hatushindwi kuandika hesabu. Tumechagua tusiandike hii.

Wako watakaosema kazi hiyo ni ya serikali. Sehemu yake ni ya serikali, na hapo uvumilivu unanishinda. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na nyumba nyingi za Mtaa wa India ni za baada ya hapo, hazilindwi mpaka zitangazwe rasmi. Sheria hiyohiyo inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Niambieni basi ni milango mingapi iliyotoka Bagamoyo usiku na kuishia katika hoteli na sebule za watu, na ni nani aliyekwenda kuifuata. Tangu 2006 mji wetu umo katika orodha ya kusubiri ya urithi wa dunia, pamoja na njia nzima ya misafara hadi Ujiji, na kila mgeni rasmi hulitaja jambo hilo jukwaani. Boma la Wajerumani lilimeguka katika mvua za El Niño sote tukiona, na ng'ambo ya bahari, huko Unguja, sehemu kubwa ya Beit al Ajaib ya 1883 iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kazi ya kuikarabati, watu wakapoteza maisha. Siku ile sote tulilia. Baada ya kilio, ni nyumba ngapi za upande wetu zilizokaguliwa na matokeo yake yakabandikwa ukutani pale ofisi ya kata, mwananchi akasoma?

Na sisi tulio nje tusijifiche nyuma ya serikali. Fedha zetu zinafika nyumbani, na mara nyingi zinafika kama saruji. Mtu anataka kuitengeneza nyumba ya wazazi wake kwa moyo safi, anatuma fedha, fundi anapiga lipu ya saruji juu ya matumbawe na chokaa, nyumba inang'aa kwa misimu michache. Saruji haipumui. Unyevu na chumvi vinavyopanda kutoka ardhini vinakosa pa kutokea, vinarudi ndani na kuusaga ukuta nyuma ya lipu, mpaka siku lipu inapodondoka na vipande vya jiwe. Wazee wetu walichoma chokaa yao hapohapo pwani, wakaipaka tena kila ilipochakaa, na ukuta ukakaa zaidi ya miaka mia. Tukiulizana kabla ya kutuma, tungetuma fedha ileile, pengine pungufu, na ukuta ungebaki.

Kuna kijana mmoja wa kwetu aliyeniandikia kwa ukali kwamba nyumba hizi ni kumbukumbu ya watumwa na wakoloni, ziache zianguke. Nimemjibu hivi: wapagazi na watumwa hawakuacha majumba yenye majina yao, na kuta hizi, ambazo nyingi walizibeba wao kichwani jiwe kwa jiwe, ni karibu na ushahidi pekee kwamba walipita hapa. Zikianguka, atakayepungukiwa si Mjerumani.

Siwaombi watu wa Bagamoyo waanze na dola milioni 220. Naomba tuanze na daftari. Kila nyumba ya Mji Mkongwe ipewe ukurasa wake: wenyewe ni nani kadiri wanavyokumbukwa, nani amekufa na ameacha nani, hati ilionekana mara ya mwisho wapi, paa likoje, fundi wa chokaa anasema kulifunika kunagharimu shilingi ngapi, na familia imekubali au imekataa nini. Nakala moja ikae ofisi ya kata, nyingine halmashauri, nyingine Mambo ya Kale, na yeyote aruhusiwe kuisoma na kuibishia. Wabishane. Familia zitoleane maneno, watu wa Unguja wapige simu kwa hasira kwamba majina yao yamerukwa, na mwandishi aandike kwamba mradi wa nyumba fulani umekwama kwa sababu ya shilingi kadhaa zilizopungua. Kazi hii haiwezi kusubiri, kwa sababu wanaojua majina hayo ni wazee, na wengi wao wamepita umri wa miaka 70.

Kwa nyumba ile ya Mtaa wa India nimekwisha kumrudia mjomba. Amekubali kutaja anaowakumbuka, kwa sharti kwamba majina hayo yaandikwe na kusomwa mbele ya wazee wenzake wa mtaa, wala asinitajie mimi peke yangu kwenye simu. Amesema baada ya Idi ataitisha kikao.