Mbili Mara Mbili ni Tatu

Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Kampala, na balaa lote lilianza siku nilipomwona mwanafunzi wa kidato cha pili akibonyeza kikokotoo ili ajue mbili mara tatu ni ngapi. Niliapa kuirudisha slaidi rula, ile rula ya kuteleza iliyozidisha na kugawanya tangu karne ya 17, hadi kikokotoo cha mfukoni cha HP-35 kilipotoka mwaka 1972 na kuifukuza madukani.

Ubao wa mvule niliupata Ndeeba, na fundi seremala akauranda, akauchimbia mfereji, akatengeneza ulimi wa katikati unaoteleza bila kulegea. Kazi yake haikuwa na dosari, jambo ambalo hadi leo hunikumbusha bila kuulizwa. Mistari ilikuwa juu yangu. Siri ya chombo hiki ni kwamba nafasi zake hazilingani: kila namba hukaa pale inapopelekwa na logi yake, yaani kipeo cha kumi kinachoizaa namba hiyo, ili ukiunganisha urefu wa namba mbili upate zao lao. Katika skeli ya sentimita 25, kutoka 1 hadi 2 ni milimita 75, lakini kutoka 9 hadi 10 ni milimita 11 na kidogo tu. Nilikaa juma zima na kitabu cha majedwali ya logi, nikachora kwa penseli iliyochongwa kama sindano, kisha nikaupeleka mchoro kwenye duka moja la uchapaji katika barabara ya Nasser wanichapie stika za rula 40.

Kijana wa kompyuta aliutazama mchoro, akanitazama mimi, akatikisa kichwa kwa huruma ambayo sikuielewa. Jioni nilikabidhiwa stika zikiwa zimefungwa kwenye gazeti, nikakimbia nazo kabla mvua haijanikuta njiani. Nyumbani umeme ulikuwa umekatika. Nilizibandika kwa mwanga wa mshumaa, nikajaribu moja mara saba, ikaja saba, nikalala usingizi wa mtu asiye na deni.

Kesho yake, mbele ya mkutano wa wazazi, nilihutubu kwa kirefu (kwa kirefu mno, mke wangu anasema) kwamba wanaanga wa Apollo walibeba rula ya namna hii kwenda mwezini. Kisha nikaweka 1 ya ulimi juu ya 2 ya chini, nikaifuata 2 ya ulimi, nikasoma kwa sauti ya kujiamini: “Mbili mara mbili ni tatu.”

Ukumbi ulinyamaza. Nikapangusa miwani, nikajaribu mbili mara tatu. Nne.

“Mwalimu,” akauliza mzee mmoja kutoka nyuma, “hao waliokwenda mwezini, walirudi?”

Mama mmoja auzaye maharage Owino akadakia: “Kumbe ndiyo hiyo anayotumia mteja wangu wa jumla!”

Hapo ndipo nilipoitazama rula yangu mchana kweupe. Mistari ilikuwa imejipanga kama askari wa gwaride, kila nafasi milimita 27 na ushei. Chombo changu kilikuwa kinajumlisha namba mbili na kupunguza moja, na ndiyo maana moja mara saba ilinihadaa.

Nilifika barabara ya Nasser nikitweta. Kijana alinipokea kwa tabasamu pana.

“Mzee, mistari yako ilikuwa imelewa,” akasema. “Huku imeachana, kule imebanana. Nikaona umri umekwenda na mkono unatetemeka, nikakunyooshea yote. Wala sikukutoza.”

Nilimweleza habari za logi kwa nusu saa nzima. Alisikiliza kwa adabu, akaandika hesabu kwenye karatasi, akanisogezea.

“Kunyoosha ilikuwa bure, mzee. Kuilewesha tena utalipia.”