Siesta ni kazi ya mpiga besi

Mpiga gitaa la besi hodari akipewa filamu aitungie muziki, mimi huingiwa na hofu: huyu atataka kutuonyesha vidole. Atamimina noti mpaka mwigizaji aonekane mpita njia. Ndiyo maana kila nikirudi kwenye muziki wa Siesta, filamu ya Mary Lambert ya mwaka 1987, nampa heko mpiga besi wake, Marcus Miller.

Albamu ya muziki huo ina majina mawili, la mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis na la Miller, na wengi huitafuta kwa ajili ya lile la kwanza. Lakini aliyetunga ni Miller, aliyesimamia kurekodi ni Miller, na ala nyingi kazipiga yeye. Mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa wametoa albamu ya Tutu, na humo besi inadunda, dole gumba linagonga nyuzi, huulizi mwenye nyumba ni nani. Ndani ya Siesta dole gumba hilo limetulia.

Vaa vipokea sauti usikilize vizuri. Chini kabisa kinanda cha umeme kimetanda kama joto la mchana. Tarumbeta ya Miles, iliyozibwa mdomo, inatoa noti mbili tatu, inanyamaza. Kisha panaingia klarineti ya besi, ala ya mbao ya kupuliza yenye sauti nzito, nene, imejaa pumzi, nayo anaipuliza Miller huyohuyo. Besi ameiweka chini, uzito wake kauhamishia kwenye mti na mwanzi. Mimi sehemu hizo huzirudia tena na tena.

Kisa kinatokea Hispania, na albamu imetunukiwa Gil Evans, mpangaji wa muziki ambaye alimpangia Miles okestra nzima katika albamu ya mwaka 1960, Sketches of Spain. Wapo wanaosema Miller, kwa vinanda vyake vya umeme, katuletea kivuli baridi cha kazi ile. Sikubaliani nao hata kidogo. Filamu inamhusu mwanamke anayezinduka kando ya njia ya kurukia ndege, hakumbuki yaliyompata. Okestra yenye joto ingemliwaza mno. Vinanda vinamwacha peke yake, na ndivyo hadithi inavyotaka.

Kinachoniudhi ni vipande kukatika mapema. Vingine vinaanza kukunoga tu, vimekwisha, maana vilikatwa kwa kipimo cha picha.

Hata hivyo kwangu santuri hii haikai pamoja na za Miles. Nimeipanga kwa Miller.