Mwani Kwenye Chakula cha Sato: Hesabu Zinakubali?

Mfugaji wa sato kwenye vizimba vya Ziwa Victoria, awe Ilemela au Sengerema, anajua pesa inakoishia: zaidi ya nusu ya gharama za mradi ni chakula. Ndiyo maana hoja ya kuchanganya mwani wa Zanzibar kwenye chakula cha samaki inapata masikio huku ziwani.

Wanaoitetea huanza na dagaa wanaosagwa kuwa chakula cha samaki, na hapo wana haki. Pale Mwaloni, Kirumba, gunia la dagaa linagombewa na mama wa genge na mtengeneza chakula cha mifugo kwa wakati mmoja. Mwani haugombanii sahani ya mtu, haudai shamba wala mbolea. Zanzibar unalimwa kibiashara tangu 1989, wakulima wengi ni wanawake, na bei wanapangiwa na soko la nje. Mnunuzi wa ndani angewafaa sana.

Shida iko kwenye mchanganyiko wenyewe. Sato anayekuzwa anataka protini kama asilimia 30, kifaranga zaidi. Spinosum, mwani unaolimwa kwa wingi Zanzibar, hata ukikaushwa protini yake mara nyingi haifiki asilimia 10. Kilichojaa ni chumvi, madini na ute mzito ambao samaki hameng'enyi vizuri. Ukitiwa kidogo hauna neno. Ukizidi, samaki wanadumaa. Anayekwambia utachukua nafasi ya dagaa au soya anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Ute huohuo, hata hivyo, una kazi yake. Mfugaji wa bwawa anayechanganya pumba, mashudu ya alizeti na dagaa, kisha akapitisha kinyunya kwenye mashine ya kusagia nyama, ameshaona punje zikiyeyuka kabla samaki hawajazifikia. Unga wa mwani kidogo unazishika. Kwenye kizimba faida hiyo haipo: kule kunatakiwa chakula cha kuelea, kinachoivishwa kiwandani kwa joto na mgandamizo hadi wanga wenyewe unashika. Punje ya kuzama hupita kwenye wavu na kuozea chini ya ziwa ambalo tayari lina rutuba kupita kiasi.

Halafu kuna muhogo. Unga wake nao unashika punje, na Ukerewe unalimwa kila upande. Mwani lazima uondolewe chumvi, uvuke bahari, kisha usafiri zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Kwa bei ya lori ya sasa, sioni unavyoushinda.

Kwa protini, mimi ningeweka pesa kwenye funza wa inzi askari weusi (black soldier fly) wanaolishwa taka za sokoni, ambazo Mwanza hatujawahi kupungukiwa. Mwenye mabwawa mawili na hamu ya mwani ajaribu bwawa moja kwa mwani na la pili kwa muhogo, vifaranga wa rika moja, chakula kingine kilekile, kisha apime samaki kwenye mizani na aweke risiti za usafiri pembeni.