Rosa si mali ya mtunzi

Kuna makala inayosema mhusika wa hadithi ni mali ya mtunzi, anamfanya apendavyo. Hapo sikubaliani kabisa.

Chukueni Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ya 1971. Niliisoma nikiwa kidato cha pili, nakala haina hata jalada, tukipokezana bwenini. Nilipofika pale Zakaria, baba yake, anapompiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, nilifunga kitabu nikakaa kimya. Mwishoni, mchumba wake Charles anapomkataa na binti wa watu anajiua, nililia kama nimefiwa. Nilimkasirikia sana mwandishi, hasa nilipokuta katika riwaya yake nyingine, Kichwamaji, ya 1974, mhusika mkuu Kazimoto naye anajiua.

Nimeirudia nikiwa mama wa mabinti wawili. Sasa naona Kezilahabi hakumtupa Rosa. Mwana huyu wa Ukerewe alimtoa kisiwani kwake mwenyewe, akamtazama akiangamia bila kugeuza uso, huku wengine wakimhukumu tu. Huo kwangu ni uchungu wa mzazi, wala si ubabe wa mwenye mali.

Kezilahabi alifariki 2020. Binti yangu mkubwa ameanza kumsoma Rosa wiki hii, jana alikuwa kwenye ile barua.