Sindano ya Kichefuchefu Isichomwe kwa Pupa

Msimu wa korosho uliopita nilimpeleka mama mkubwa kwa bajaji kutoka Mikindani hadi hospitali moja mjini Mtwara, akiwa anatapika tangu alfajiri. Muuguzi wa zamu alimchoma metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, mshipani, bomba zima kwa mara moja, na hata kabla kichefuchefu hakijatulia mama mkubwa akaanza kuhangaika kitandani, miguu haitulii, akitaka kuondoka saa ileile. Jamaa waliotusindikiza wakaanza kunong'ona habari za mashetani. Kumbe ni dawa yenyewe, ambayo huzuia dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe ubongoni, na, ikiingia kwa kasi, huweza kumtia mtu wahaka wa namna hiyo. Ikichanganywa kwenye dripu na kutiririka kwa dakika 15 hivi, uwezekano huo hupungua.

Simlaumu sana muuguzi, maana sisi wenyewe hatuamini kwamba tumetibiwa mpaka tuchomwe sindano. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa mwaka 2014, uliofanywa Melbourne, Australia, kwa watu wazima 270 waliofika idara ya dharura wakiwa na kichefuchefu, unapaswa kutufikirisha. Kwenye kipimo cha mstari wa milimita 100, ambao mgonjwa huutia alama kuonyesha ukali wa kichefuchefu, baada ya nusu saa kilishuka kwa milimita 27 kwa waliopewa ondansetroni, dawa nyingine ya kuzuia kutapika, 28 kwa metoklopramidi, na 23 kwa waliochomwa maji ya chumvi tu, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito.

Mwaka 2018 watafiti wa Texas, Marekani, walionyesha kwamba kunusa kipande cha pamba chenye alkoholi ya isopropili kulishusha kichefuchefu kwa takriban milimita 30, ilhali ondansetroni ya kumeza peke yake ilikishusha kwa 9. Kwa mtu mzima anayesubiri daktari, ningependa pamba hiyo itangulie sindano, mradi iwe isopropili kweli, si spiriti yoyote ya dukani, kwa kuwa nyingine huwa na methanoli. Watoto wenye kuhara na kutapika ni suala jingine: kwao ondansetroni husaidia ORS ikae tumboni.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba sindano humfanya kila mtu aone kazi imekwisha, wakati kutapika kunaweza kuwa dalili ya malaria, mimba, utumbo kuziba au hata moyo. Mama mkubwa alikuja kupimwa sukari saa mbili baada ya sindano, tena kwa sababu niliomba, na ilikuwa imepanda mno.